Pwani haina haja ya mlima: kiti cha kurushia, kamba na mchanga kwa wanariadha wetu wenye ulemavu

Mwenyekiti wa kikao, walimu wa shule maalumu, wazazi wetu, makocha, mafundi mliotoka karakana mkaja moja kwa moja, na nyinyi wanariadha mlioketi safu ya mbele: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tumeombwa tuzungumzie safari ya mwanariadha mwenye ulemavu kutoka hapa Mombasa mpaka kwenye mashindano ya riadha ya kimataifa. Tuna neno moja tu, na muda uliobaki tutautumia kulifafanua kwa vipimo. Mkenya akitajiwa riadha, mawazo yake hupanda mlimani: Iten, Eldoret, Nyahururu. Mtoto wa Likoni au Changamwe husikia hivyo akaona mchezo huu si wake, maana yeye kazaliwa pembeni mwa bahari. Kwa mbio ndefu, mlima una faida yake, hatubishi. Lakini tufe halijui mlima. Kisahani, mkuki, rungu, kuruka mbali na mbio za mita 100 havitaki hewa nyembamba. Vinataka chuma kilichochomelewa sawa, mchanga uliochekechwa, kamba isiyovutika, na karatasi zilizojazwa mapema. Vyote hivyo Mombasa viko, au vinaweza kutengenezwa hapa hapa.

Tazameni Paris 2024. Medali pekee ya Kenya katika Paralimpiki zile, michezo mikuu ya dunia ya wenye ulemavu, ilikuwa ya fedha, na haikutoka kwenye mbio. Samson Ojuka aliipata kwa kuruka mbali katika daraja la T37, mita 6.20. Miaka mitatu kabla yake, Tokyo, medali yetu pekee ilikuwa shaba ya Nancy Chelangat Koech, mita 1500 za wasioona. Nchi yenye sifa ya riadha kama yetu inarudi na medali moja, halafu nyingine moja. Uwanja wa kurushia tumeuacha wazi, wengine wanavuna.

Tuanzie mlangoni, na mlango wa mchezo huu ni uainishaji. Hakuna anayeshindana kimataifa kabla ya kupewa daraja. Daraja huandikwa kwa herufi na tarakimu mbili. T ni mbio na miruko, F ni mitupo. Tarakimu ya kwanza inataja kundi la ulemavu: 1 ni macho, 2 ni akili, 3 ni mtindio wa ubongo na hali zinazofanana nao, 4 ni ufupi wa kimo na viungo vilivyokatika au vilivyo dhaifu, 5 ni wanaoshindana wakiwa wameketi, 6 ni wanaoshindana kwa miguu bandia. Tarakimu ya pili inataja kiwango, na ikiwa ndogo, ulemavu ni mzito zaidi. Kwa hiyo T11 ni mkimbiaji asiyeona kabisa au anayekaribia hapo, T13 ana uoni hafifu lakini unamtosha kukimbia peke yake. Lile kundi la 6 limekuja mwaka 2018. Kabla ya hapo wenye miguu bandia walikuwa kundi la 4, na bado tunaona makaratasi ya zamani yanawachanganya walimu.

Hapa ndipo watoto wetu wengi wanapopotea, na wanapotea kwa namna mbili zinazopingana.

Wa kwanza ni yule anayedhaniwa hastahili, kumbe anastahili. Mtoto aliyezaliwa kwa taabu, mkono mmoja umejikunja kidogo, mguu wa upande huo huo unaburura, lakini anakwenda shule ya kawaida na anacheza mpira mtaani. Nyumbani hawamwiti mlemavu, na pengine hawataki aitwe. Huyo, udhaifu wa upande mmoja ukithibitishwa na waainishaji, ndiye T37 hasa, daraja lile lile la Ojuka. Vivyo hivyo mtu mwenye ualbino ambaye hata kwa miwani haoni ubao, au kijana aliyekatwa mkono chini ya kiwiko. Ufupi wa kimo nao una mpaka wake: mwanamume asizidi sentimita 145, mwanamke 137, na urefu wa mkono hupimwa vile vile. Tofauti ya urefu wa miguu huanzia sentimita 7.

Wa pili ni yule aliyehakikishiwa kuwa anastahili, akafanya mazoezi miaka miwili, kisha akakataliwa mezani. Mfano tunaoukuta mara nyingi ni kijana aliyepoteza jicho moja. Waainishaji hupima jicho lililo bora, tena likiwa limevaa miwani inayolifaa. Jicho la pili likiona vizuri, hana daraja, hata kama ana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ile kadi ina haki zake na ni muhimu, lakini haiulizwi kwenye uainishaji. Mzazi aliyeambiwa mapema hataumia kama atakayeambiwa ugenini.

Sasa makaratasi. Hospitali hujaza fomu ya uchunguzi, nayo hutakiwa ifike kwa waandaaji wiki 6 kabla ya uainishaji, ikiambatana na ushahidi wa ugonjwa wenyewe. Daktari akiandika tu kwamba kijana huyu ni mlemavu wa miguu, fomu itarudi. Wanataka jina la ugonjwa na kipimo kinachouthibitisha: picha ya eksirei kwa kiungo kilichokatika, ripoti ya mishipa au ya uti wa mgongo kwa aliyepooza, kipimo cha ukali wa macho kwa asiyeona vizuri, na ramani ya eneo la kuona ikiwa tatizo lake ni kuona kama kwa tundu. Vipimo vya macho viwe vya ndani ya miezi 12. Mwanariadha awe anatimiza angalau miaka 14 mwaka huo. Kwa ulemavu wa akili kazi ni ndefu zaidi, maana mwanasaikolojia lazima aonyeshe alama za akili zisizozidi 75, ugumu katika shughuli za kila siku, na kwamba hali hiyo ilianza kabla ya utu uzima. Anzeni mwaka mzima kabla. Hatutii chumvi.

Siku ya uainishaji mwanariadha anakutana na waainishaji wawili au zaidi. Humpima kwenye kitanda nguvu ya misuli na mwendo wa viungo, kisha humtaka aonyeshe mchezo wake, kisha humwangalia akishindana. Aje na nguo zake za kushindania, kiti chake, miwani yake, dawa zake na mtu wa kumtafsiria. Na asijifanye dhaifu kuliko alivyo. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu makocha wengine hulifundisha kimya kimya. Anayebainika hufungiwa kwa miaka, na timu nzima hutazamwa kwa jicho baya.

Kabla ya kuchagua mchezo, kuna jambo makocha hulisahau: si kila mchezo huandaliwa kwa kila daraja. London 2012 David Korir aliipatia Kenya dhahabu ya mita 800 katika T13. Paris 2024 mita 800 za wanaume zilikuwa za viti vya magurudumu peke yake. Kijana wa T13 anayezoezwa mita 800 leo anajengewa nyumba isiyo na kiwanja. Chukueni ratiba ya michezo ya Los Angeles 2028, ipigieni mstari kila mahali daraja lake linapotajwa, halafu ndipo mumwulize anapenda nini.

Haya, twende kwenye chuma. Mitupo ya kuketi ndiyo tunayoiona ikiwafaa zaidi watu wa hapa, na ndiyo tutakayokaa nayo. Ni ya madaraja ya F31 mpaka F34, na F51 mpaka F57. Aliyepooza miguu kwa polio au kwa kuanguka mnazi, aliyekatwa miguu yote miwili, aliyejeruhiwa uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, wote huenda wakapata nafasi humu. Katika F54 mikono ni mizima lakini kiwiliwili hakina nguvu. F55 kiwiliwili kina nguvu kiasi. F56 na F57 nguvu inashuka mpaka nyonga na mapaja. Vifaa navyo hupunguzwa uzito. Mwanamume wa F57 hurusha tufe la kilo 4, wakati asiye na ulemavu hurusha la kilo 7.26.

Kiti cha kurushia si kile cha kutembelea. Ni fremu ya chuma isiyo na magurudumu, imefungwa chini isitikisike. Fundi, andika vipimo hivi. Urefu kutoka ardhini mpaka juu ya pahali pa kukalia usizidi sentimita 75. Pahali pa kukalia pawe bapa, kila upande usipungue sentimita 30. Paweza kuwa sawasawa au painame kidogo kwenda nyuma, lakini pasiiname kwenda mbele. Egemeo la mgongo na la ubavu linaruhusiwa, mradi lisiwe na springi wala lisicheze. Pa kuwekea miguu panaruhusiwa kwa kumtuliza mtu, si kwa kujisukumia. Na fremu yote, pamoja na hapo pa miguu, ibaki ndani ya duara la kurushia.

Kosa la kwanza, na tumeona viti vingi vikikwama kwa hilo, ni godoro. Fundi anachomelea kiti sentimita 75 kamili, anakifurahia, kisha mama wa mtoto anaweka sponji ya sentimita 5 ili mwanawe asiumie. Sasa kiti kina 80. Sponji huhesabiwa pamoja. Kwenye chumba cha ukaguzi hakiingii uwanjani, na aliyekitegemea analazimika kurusha kutoka kiti asichokijua. Kwa hiyo, fundi, simamia kwenye sentimita 68 au 69, uacheni ule ulaini upate nafasi yake, na ibaki sentimita moja ya usalama, kwa sababu futi za mafundi na futi za waamuzi hazisomi sawa kila mara.

Kosa la pili ni nguzo. Mbele ya kiti, upande wa mkono usiorusha, husimama nguzo ya kushika. Mwanariadha huivuta kwa mkono huo ili mwili uzunguke na ule wa kurusha upate kasi. Nguzo hii iwe kipande kimoja kilichonyooka, cha mviringo au cha mraba, bila kona wala springi. Bomba likibanwa na jiriwa mpaka likawa bapa kama yai, halikubaliki. Likipindika kwa matumizi, halikubaliki vile vile. Ndiyo maana bomba jembamba la pazia halifai, hata likiwa ndilo lililopo karakana. Tumieni bomba la chuma lenye ukuta mnene, la kipenyo ambacho kiganja cha mrushaji kinakizunguka vizuri, na mlitie kwenye soketi yenye bolti mbili ili liweze kutolewa. Mnajua kwa nini litolewe? Kwa sababu kiti kinapanda ndege, na kiti chenye nguzo ya mita moja na nusu isiyotoka kitaachwa Uwanja wa Ndege wa Moi.

Nguzo ikae wapi? Mketishe mwanariadha, mfunge mikanda, mwambie anyooshe mkono mbele na juu kidogo mpaka kiganja kifikie usawa wa paji la uso, kiwiko kikiwa kimelegea kidogo. Hapo ndipo pa kuanzia. Sogezeni mbele au pembeni sentimita mbili mbili, mtupo kwa mtupo, na kila badiliko liandikwe. Ikiwa mbali mno, bega linaisha safari kabla ya kifaa kuondoka mkononi. Ikiwa karibu mno, kifua kinaigonga. Mtu wa F54 asiye na nguvu ya tumbo huihitaji karibu kuliko wa F57, kwani yeye nguzo ndiyo mgongo wake.

Fremu yenyewe tunashauri bomba mraba la milimita 40, unene wa milimita 3, miguu minne iliyopanuka chini kuliko juu, na pete nne nene kwenye pembe za chini. Pete hizo ndizo za mikanda ya kufungia ardhini. Ile mikanda yenye mkono wa kukazia, ambayo wenye malori hufungia mizigo kule bandarini, ndiyo hasa. Fungeni kwa msalaba, pembe ya mbele kwa nanga ya nyuma, na kaza kwa zamu kama unavyokaza nati za gurudumu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, kiti kitainama, na mrushaji atalaumu bega lake kwa kosa la mkanda. Uwanjani muda wa kufunga kiti umehesabiwa; ukipita, saa ya kurusha inaanza kukimbia. Wasaidizi wawili wafanye zoezi la kufunga peke yake, wakiwa na saa, angalau mara 20 kabla ya safari.

Na kutu, jamani. Upepo wa chumvi unavyokula chuma mnajua. Chuma kisafishwe kwa msasa, kipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, na ncha za mabomba zizibwe ili unyevu usiingie ndani. Penye weldi ndipo kutu huanzia, na weldi ya nguzo ikikatika katikati ya mtupo mtu anaanguka kwa uso huku miguu imefungwa.

Sheria inayowaangusha wanaoanza ni ya kunyanyuka. Tangu mrushaji anaposhika kifaa kwa kuanza mpaka kifaa kianguke, makalio na mapaja, kuanzia nyuma ya goti, yakae juu ya kiti. Wa F56 na F57, wenye nguvu kwenye mapaja, hujikuta wanainuka bila kukusudia pale wanapotia bidii zaidi. Mwamuzi anapiga magoti pembeni akitazama hapo tu. Dawa yake ni mkanda usiovutika juu ya mapaja, uliokazwa mpaka kidole kimoja tu kipite chini yake. Mikanda ya mpira hairuhusiwi. Kwa mazoezi, wekeni karatasi nyembamba chini ya kila paja na mtu aivute taratibu wakati wa mtupo. Ikitoka, amenyanyuka. Jambo jingine, mitupo ya kuketi hufuatana, mrushaji harudi kungoja zamu. Basi mazoezi nayo yafuatane, pumzi iandaliwe kwa hilo.

Walimu wanaofundisha watoto wenye mtindio wa ubongo, msidhani tumewasahau. Madaraja ya F31, F32 na F51 yana rungu. Lina gramu 397 na urefu wa sentimita 35 mpaka 39, na mtoto ambaye vidole vyake havifunguki kushika tufe anaweza kuibana shingo ya rungu kati ya vidole viwili na kulirusha, hata kwa kuupa uwanja mgongo. La mazoezi fundi wa mbao analichonga kwa saa moja. Lipimeni kwenye mizani ya duka la nyama. Likipungua, litobolewe chini litiwe madini ya risasi.

Tuje kwa kamba, ile inayomuunganisha mkimbiaji asiyeona na mwelekezi anayekimbia ubavuni mwake. Henry Wanyoike aliifundisha dunia nini maana ya mkimbiaji asiyeona, tangu dhahabu ya mita 5000 Sydney 2000, alipomaliza mwelekezi wake akiwa hoi kabisa, mpaka Athens 2004 alipochukua mita 5000 na 10000. Samwel Mushai Kimani akaja London 2012 na mwelekezi James Boit, mita 1500 kwa dakika 3, sekunde 58.37, na akarudia dhahabu Rio 2016. Kwa hiyo kamba si jambo geni Kenya. Geni ni kuitumia kwa mita 100 na 400, ambazo uwanja wowote wa shule hapa Mombasa unazimudu.

T11 lazima awe na mwelekezi na afunikwe macho kwa kitu kisichopitisha mwanga. T12 ana hiari. T13 hukimbia peke yake. Kamba isivutike hata kidogo, na ikinyooshwa isizidi sentimita 30. Kamba za mashua za nailoni zinazovutika, ambazo ndizo mtazipata upesi sokoni, zina kasoro hiyo hiyo. Chukueni utepe wa pamba uliofumwa, kama ule wa mkoba wa shule, mkashone kitanzi kila upande, kimoja cha vidole vya mkimbiaji na kimoja cha mwelekezi. Isifungwe kwenye kifundo cha mkono. Mwelekezi haruhusiwi kuvuta wala kusukuma, na kifua cha mkimbiaji lazima kivuke mstari kabla ya cha mwelekezi.

Na isiachiliwe. Paris 2024, mbio za marathoni, Elena Congost wa Hispania alikuwa mita chache tu kutoka mwisho, wa tatu. Mwelekezi wake akashikwa na mkakamao wa misuli, akayumba. Congost akaachia kamba kumdaka, kisha akaishika tena na kumaliza. Siku ile aliondolewa kwenye matokeo. Moyo wake ulifanya lililo la utu, na kila mtu aliyeona anajua hivyo. Lakini somo kwa kocha ni kwamba mwelekezi anatakiwa kuwa na akiba. Mita 100, awe na kasi ya sekunde nzima zaidi ya mkimbiaji wake. Mbio ndefu, awe anaweza kuongea sentensi kamili kwa mwendo ambao mkimbiaji anahema.

Mwendo wa wawili hawa ni wa kioo. Mwelekezi akiwa kulia, mkono wake wa kushoto na wa kulia wa mkimbiaji huenda mbele pamoja, na miguu ya ndani hutua pamoja. Waanze kwa kutembea, mita 20, mara kumi, bila maneno. Kisha kukimbia polepole. Mtasikia kwa masikio kabla ya kuona: nyayo zikigonga ardhi kama za mtu mmoja, wako tayari kwa vibao vya kuanzia. Zikigonga mara nne kama farasi, rudini kutembea. Kwenye kona mwelekezi aseme neno moja lililokubaliwa, si hotuba. Na kumbukeni hesabu ya njia: kila jozi hutumia njia mbili, kwa hiyo uwanja wa njia nane una jozi nne tu. Fainali ya mita 100 ya T11 ni ya watu wanne. Hatua za mchujo zinawatoa wengi kuliko wanavyotarajia, na anayejihifadhi kwa ajili ya fainali huitazama akiwa jukwaani.

Kuruka kwa wasioona ni kazi ya mchanga na sauti. Badala ya ubao mwembamba, T11 na T12 huruka kutoka eneo lenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1.22, ambalo hunyunyiziwa unga mweupe ili unyayo uonekane, na umbali hupimwa kutoka unyayo huo. Mwelekezi husimama mbele na kupiga makofi au kuhesabu, akiyaelekeza masikio ya mrukaji, na uwanja wote unyamaze. Shimo la mchanga liwe na upana usiopungua mita 2.75, kwa asiyeona sisi tungetaka 3.5. Msijaze mchanga wa ufukweni. Una vipande vya matumbawe na makombe, na tumeona mapaja yaliyokatwa. Wa mto, uliochekechwa, sentimita 30 kwenda chini, ulainishwe kwa maji kidogo kabla ya mazoezi.

Mtauliza kuhusu viti vya mbio, vile vya magurudumu matatu. Tunawajibu wazi: msianzie huko. Gurudumu kubwa lisizidi sentimita 70 pamoja na upepo wake, la mbele lisizidi 50, hakuna gia wala mitambo, na mtu hupiga pete ya gurudumu kwa glavu ngumu, si kuishika. Kinapaswa kutengenezwa kwa vipimo vya nyonga za mtu mmoja. Kikimlegea sentimita mbili, nguvu yake inapotelea pembeni. Ni ghali, tairi zake hubandikwa kwa gundi, na beringi zake huliwa na chumvi hii hii. Kikipatikana cha msaada, kifutwe kila jioni kwa kitambaa kikavu na beringi zisafishwe na kutiwa grisi kila wiki mbili. Miguu ya kaboni ya kukimbilia ni hivyo hivyo: ugumu wake huchaguliwa kwa uzito wa mtu, na ya kuazima huumiza kisiki.

Wanafunzi viziwi wana njia yao, na isichanganywe na hii. Hawamo katika Paralimpiki. Mashindano yao ni Michezo ya Viziwi, iliyoanza Paris mwaka 1924. Kigezo ni kupoteza usikivu wa angalau desibeli 55 kwenye sikio lililo bora, vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa, na mbio huanzishwa kwa taa. Mwalimu anayetumia bastola au filimbi mazoezini anamnyima mtoto wake mwanzo mzuri. Taa mbili za rangi na swichi zinatosha.

La mwisho ni mwili, na hapa wazazi tusikilizane. Aliyeumia uti wa mgongo hatoki jasho chini ya jeraha. Katika joto la Mombasa la Februari anaweza kuwaka ndani huku ngozi yake ikiwa kavu. Apuliziwe maji usoni na mikononi kila baada ya mitupo michache, na mazoezi yawe alfajiri au baada ya alasiri. Pia hahisi. Kiti cha chuma kilichoachwa juani nusu saa kitamuunguza mapaja na yeye anacheka na wenzake, na atajua akivua nguo usiku. Leso iliyoloweshwa ifunike kiti mpaka dakika ya kukalia. Ajinyanyue kwa mikono kila robo saa ili damu ipite. Kidonda cha kukalia kikishafunguka, msimu umekwisha. Kibofu kitolewe mkojo kabla ya mashindano, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla, kichwa kikauma na uso ukatoka jasho. Wako wanaofanya hivyo makusudi kupata nguvu. Ni marufuku, na ni hatari kwa uhai. Madaktari wa mashindano hupima, na shinikizo la juu likisimama kwenye 160 au zaidi mtu hashindani. Na dawa zozote anazotumia, za kifafa, za presha, za pumu, za asili, ziandikwe na zipelekwe kuulizwa kabla, maana nyingine zimo kwenye orodha ya zilizokatazwa na zinahitaji kibali.

Uani tumeweka kiti kimoja kivulini, kimefunikwa kwa leso. Kina sentimita 69 bila sponji. Kuna mikanda minne, tufe la kilo 4, rungu moja na kamba sita za utepe. Fomu za uchunguzi ziko kwa katibu pale mlangoni, kila shule ichukue kumi. Mafundi tangulieni na futi zenu, mkipime, kisha tutaomba mmoja wa safu ya mbele akikalie na wawili wamfunge tukiwa na saa mkononi.